Simu Isizimike Kabla ya Jumamosi

Mtumbwi wa mdogo wangu uliokotwa asubuhi karibu na Asembo, taa moja ya kuvutia omena, wale dagaa wa ziwani, ingali inawaka ndani yake, mwenyewe hayumo. Wazee wa ukoo walisubiri, wakachoka, wakasema Jumamosi atazikwa, apatikane asipatikane.

Kwetu Wajaluo, mtu akimezwa na ziwa asionekane, huzikwa tunda la yago badala yake. Ni tunda refu, zito, lisilofaa kula. Linalazwa ndani ya sanduku, linafunikwa shuka, linaliliwa kama mtu. Na sisi tunashikilia kwamba likishazikwa, mwili ukipatikana baadaye hauingii tena bomani. Unafukiwa huko huko ulikotupwa na maji. Mimi sikutaka mama yetu alilie tunda. Nikatoa baiskeli nyumbani kwangu Migosi, nikaanza kuzunguka ufuo hadi ufuo, maana njia nyingi kule ni za ng'ombe tu, hakuna gari linalofika.

Kila ufuo niliacha namba. Wavuvi wakiokota mwili hupiga picha ya shati au ya mkono, wakawatumia wanaotafuta. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Simu ya vitufe ingekaa na chaji siku nyingi, lakini haipokei picha. Simu ya picha nayo inakunywa chaji kama mlevi aliyefika matangani.

Fundi mmoja wa Kondele alinifungia dainamo kwenye gurudumu la nyuma, waya ukapanda hadi kwenye usukani nilikofunga simu kwa raba. Aliisifu kazi yake mpaka nikaamini. Hakuniambia kwamba ukipanda mlima polepole haichaji, na kwamba ukisimama kumuuliza mtu habari, chaji inaanza kushuka. Basi nikawa naendesha kama mwizi aliyepigiwa kelele, na nikifika kwa watu walio na habari ninayoitaka, nazungumza nao mguu mmoja ukiwa kwenye pedali. Mama mmoja aliniita nikae ninywe uji. Nilimkatalia kwa ukali, Mungu anisamehe. Kuanzia Ndori mvua ilinyesha, tope likajaa kwenye tairi, dainamo ikawa inateleza bure. Nilikuwa na pawabenki pia, yenye taa nne. Taa zote nne zilikuwa uongo.

"Si ununue kabambe, jamaa?" mwenye kioski akanicheka nilipoomba soketi. "Hiyo inakaa na moto."

Nilimwambia simu ya vitufe haina macho. Akanipa soketi. Stima ikapotea papo hapo, soko zima.

Picha ilikuja mara moja tu. Nilikuwa nimevuka Luanda Kotieno, chaji imebaki kidogo kabisa, kile kiduara cha kufungua picha kikizunguka na kuzunguka. Nikapanda baiskeli nikakanyaga kwa nguvu zangu zote ili kisife. Picha ikafunguka: mkono mnene, wenye pete. Mdogo wangu alikuwa mwembamba, na pete hakuwahi kuvaa. Nilifurahi. Kisha nikaona haya, maana yule naye alikuwa na kwao. Kisha nikakasirika kwamba si yeye. Simu ikazimika palepale kwenye usukani.

Jumamosi ilinikuta Usenge. Pale kuna kibanda chenye paneli za sola ambapo wavuvi wa omena huleta betri za taa zao mchana, wazichukue jioni wakiingia ziwani. Mwenye kibanda alisogeza betri mbili, akaiweka simu yangu katikati. "Keti, omera, ndugu yangu," akasema. "Jua la leo ni kali, itajaa."

Nikaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Migosi sikuwa na haja ya kukanyaga kitu. Ziwa lilikuwa mbele yangu, limejaa magugu maji, halina habari na mtu. Nililichukia waziwazi. Wavuvi walipita wakichekacheka, na niliwachukia pia kidogo.

Simu ilijaa. Ikalia. Alikuwa baba mdogo, na nyuma yake nilisikia sufuria na watu wengi.

"Tumemaliza," alisema. "Imeenda vizuri. Sasa zima hiyo simu upumzike, urudi nyumbani unyolewe pamoja na wafiwa wenzako."

Nikasikia simu ikipokezanwa, kelele za watu zikabaki mbali, kama aliyeipokea ameenda nayo nyuma ya nyumba. Alikuwa mama. Aliongea chinichini, kama mtu anayeiba.

"Nyathina, mwanangu, simu yako iko na chaji?"

"Iko, Mama. Imejaa."

"Basi usizime."

Nikamwambia sitazima. Hakuna aliyepiga tena.