Nyuzi za Mabua ya Alizeti

Juzi redioni nilisikia kwamba wataalamu sasa wanachambua mabua mpaka wanapata nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Nilizima redio, nikaenda kukaa nje.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashine za kukamua alizeti zikazagaa hata huku kwetu Mtinko, kila mtu alilima alizeti na mabua yakabaki mashambani bila kazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nikataka kutoa nyuzi kwenye mabua yale, nitengeneze karatasi. Dada yangu mkubwa, mjane, alinipa kona ya ua wake karibu na kisima. Niliyakatakata, nikayachemsha na magadi kwenye pipa, nikayatwanga. Maji machafu nilimwaga shimoni, kando ya ua. Ng'ombe wake wa maziwa, na alikuwa naye huyo mmoja tu, aliyapenda kwa chumvichumvi yake. Akitoka malishoni alipitia shimoni kwanza.

"Uji wako ng'ombe anausifu," dada alinitania. "Sisi tutaonja lini?"

"Subiri ulainike, dada."

"Nimesubiri mpaka meno yanang'oka."

Haukulainika. Mwishowe nikanunua mjini kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, iliyokuwa imejaa madukani. Muuzaji alinionya nisiishike kwa mikono mitupu. Dada sikumwambia. Angeniamuru niondoe pipa, na ua mwingine wenye maji sikuwa nao. Jioni nilimwaga maji ya kwanza ya kostiki shimoni kama kawaida, nikajisemea kesho nitalifukia.

Asubuhi nilimkuta ng'ombe amelala, ulimi umevimba, udenda unamtoka. Dada alikuwa amepiga magoti, anammiminia maji mdomoni kwa kibuyu.

"Amekula nini huyu, mdogo wangu?"

"Labda majani mabaya," nikasema.

Dada amekwishafariki. Jioni ng'ombe wa jirani wakipita hapa, bado namsikia akiniuliza.

Asubuhi ile nikafunua pipa. Nyuzi zilikuwa laini kama pamba, kwa mara ya kwanza. Zikiendelea kulala kwenye dawa zingeharibika. Nikajifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikachota maji, nikaanza kuzisuuza. Dada aligeuka akaitazama mikono yangu, kisha shimo. Alikuja akachukua ndoo niliyoishika, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nami nikaenda kutafuta ndoo nyingine, nimalize kusuuza.