Shanta Jepesi la Shahnaz

Shahnaz alikuwa ameshavuka miaka sitini alipoanza kutembea. Mumewe, Sattar, aliugua kitandani muda mrefu, na muda huo wote Shahnaz hakutoka mtaani kwao Kibokoni ila kwenda hospitali au mazikoni. Sattar akafariki, eda ikaisha, daktari akamwambia sukari imepanda, atembee. Akatembea. Baada ya sala ya alfajiri alishika njia hadi Kizingo, raba miguuni chini ya buibui, na majirani wakamcheka vibarazani.

Njiani huko ndiko alikojuana na Dama, mpishi mstaafu wa shule, mkaazi wa Majengo, aliyekuwa akiyanyoosha magoti yake. Dama alimwonyesha kwenye simu wazee wa nchi za mbali wanaopanda milima na mashanta mepesi mgongoni. Kila kitu wamekipunguza, hata mpini wa mswaki wameukata.

"Mswaki nao una uzito gani?" Shahnaz alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kesho yake aliukata wake.

Alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Kwa cherehani aliyoachiwa na mamake alishona mashanta mawili ya kitambaa cha miavuli, na hema la nailoni. Sufuria, shuka, tende, vyote vilipanda mizani ya jikoni, na kilichozidi kikabaki. Nyumbani akawa hana hadithi nyingine. Mwanawe Nabeel na mkewe Lubaba walimsikia kila wakila: vitu vingi ni mzigo, binadamu ahitaji kidogo tu.

Akapanda basi na Dama pale Mwembe Tayari, wakaenda milima ya Taita. Walitembea kwenye ukungu, wakalala hemani uwanjani mwa kanisa, wakatetemeka kwa baridi na kuchekana. Shahnaz hakukumbuka lini mara ya mwisho alipolala bila kutega sikio asikie mtu akikohoa.

Aliporudi, chumbani mwake alikuta vitanda vya wajukuu. Godoro lake lilikuwa kwenye stoo kando ya jikoni, na nguo zake zimetiwa kwenye mfuko.

"Cherehani yangu i wapi?"

"Ameichukua dadake Lubaba, kule Bondeni," Nabeel alisema. "Watoto walikuwa wabanana, mama. Na si wewe mwenyewe wasema vitu vingi ni mzigo?"

"Nalisema vya kubeba mimi mgongoni."

"Basi tumekupunguzia."

Lubaba alicheka kidogo, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Nyumba Sattar alishamwandikia Nabeel tangu alipokuwa mgonjwa, mkono wake ukiwa umeshikiliwa na Shahnaz ili usitetemeke.

Alikwenda Bondeni. Dadake Lubaba alimpokea kwa heshima zote, shikamoo na chai ya maziwa. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mwenyewe hata kushona hajui. Shahnaz alikunywa chai ile hadi tone la mwisho, akaulizia afya za watoto, akaaga. Cherehani hakuitaja.

Dama aliposikia alisema, "Njoo ukae kwangu. Chumba kipo."

"Watu watasemaje? Mamake Nabeel kafukuzwa?"

"Kwani hukufukuzwa?"

Shahnaz aliinuka akaenda zake. Kwa siku nyingi alibadili njia ili wasionane, akitembea peke yake na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani.

Hatimaye ni Dama aliyemfuata mlangoni. Walipanga safari nyingine, na asubuhi ile Shahnaz alisimama ukumbini, shanta mgongoni. Nabeel alikuwa akisoma simu yake.

"Mimi natoka."

"Haya, mama."

Alingoja kidogo aulizwe aenda wapi, au atarudi lini. Halafu akafungua mlango mwenyewe, akatoka.