Siku Aliponiita kwa Jina Langu

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mfugaji mmoja wa Nainokanoka, mteja wa mahindi dukani kwangu Karatu, alikuja akivuta kondoo mnono kwa kamba ili mzazi apate mafuta. Hakutaka chochote. Akanieleza kwamba kwao Wamasai, watu waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Wanaitana paker. Tangu hapo jina langu halikutoka mdomoni mwake, hata kwenye simu: "Paker, mtoto hajambo?" Mimi, mtu wa kuja kutoka Kilimanjaro, nilivimba kichwa.

Kisha ukaja ukame. Ng'ombe wake wakafa mmoja mmoja. Mahindi yakaadimika, nami nikajaza stoo nikingoja bei ipande zaidi. Asubuhi moja akashuka Karatu, akaniomba gunia moja. Nikamwambia stoo ni tupu. Magunia yalikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka aliposimama.

"Haya, paker. Mungu atatoa," akasema, akaondoka.

Wiki mbili baadaye bei ikapanda, nikafungua stoo mchana kweupe, na waliokuja kununua ni pamoja na majirani zake. Nilijiambia biashara haijui undugu, nikalala usingizi mzuri. Huo usingizi ndio unaonitia aibu mpaka leo.

Mwaka uliofuata kwaya yetu ikaandaa igizo la kale la Ulaya ambalo mwalimu wetu wa kwaya alilisoma sekondari. Tajiri anawakirimu rafiki zake mpaka anafilisika, na akiwagongea milango kuomba, wote wanamnyima. Nikapewa kuigiza rafiki wa mwisho, mchoyo kuliko wote. Mwalimu hakuacha kunisifu.

"Una kipaji wewe," alisema. "Ukimnyima mwenzako, hata mimi naamini."

Tukalipeleka Nainokanoka, tukaigiza nje ya kanisa, watu wamejifunika mashuka kwa baridi. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mikono mitupu: "Sina kitu, ndugu yangu. Hata stoo yangu ni tupu."

Hilo la stoo halikuwamo kwenye igizo. Niliongeza mwenyewe, kunogesha. Watu wakacheka, na ndipo nikamwona paker wangu mstari wa mbele, fimbo mapajani, amekonda hata nilikuwa nimempita kwa macho. Yeye hakucheka. Maneno yaliyobaki sijui niliyasemaje.

Tulipomaliza akaja na kibuyu cha maziwa na kikombe. Akaanza na yule aliyeigiza tajiri.

"Pole, ndugu. Wale hawakuwa rafiki."

Watu wakacheka tena. Akanifikia mimi. Nilitegemea anipite, na ningeshukuru kama angenipita. Akanimiminia kikombe mpaka juu.

"Ni ya mbuzi," akasema. "Ng'ombe hawapo."

Akakishika kwa mikono miwili, akaninyooshea, akaniita kwa jina langu. Jina lote, kama lilivyoandikwa juu ya mlango wa duka.

"Karibu maziwa."

Nilishtuka kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe. Nikakipokea vibaya, maziwa yakamwagikia viatu. Wenzangu hawakuona kitu. Mmoja wao, mwimbaji wa besi, akaniinamia sikioni.

"Mzee mkarimu huyu," akasema. "Tena anakujua mpaka jina."

"Tulikuwa tunafahamiana," nikamjibu.