Ijumaa za Mbalamwezi

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo kila nikiikumbuka uso hunichoma kwa aibu, na bado moyo hujaa mshangao. Kwa kuwa unaanza kazi ya mshauri wa mikopo, nataka uende nayo.

Nilikuwa kijana wa Kiringye, mtoto wa mashamba ya mpunga, mgeni katika koperative ya akiba hapa Uvira. Nilidhani kazi yetu ni hesabu tu. Mama Nabintu wa Mulongwe alikopa kwetu ili anunue ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi, azianike na kuziuza. Nikampangia alipe kila Ijumaa. Alilipa vizuri, kisha Ijumaa mbili zikapita kimya. Nikamfuata ufukoni, nikapaza sauti mbele ya majirani zake.

"Mama, pesa ya watu iko wapi? Usipolipa utapoteza parseli, kiwanja chako chote!"

Alijifunika kitenge kichwani. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu ndiye aliyenirushia neno: "Mushauri, nenda udai mwezi! Yeye ndiye anakula ndagala yetu!"

Wote wakacheka. Nikaona ni utovu wa adabu, nikarudi biro, ofisini kwetu, kuandika ripoti.

Mama Mwajuma, mkubwa wangu wa kazi, ambaye ukoo wake umefanya biashara ziwani tangu enzi za mababu, aliisoma, akavua miwani.

"Ulipopanga siku za kulipa, uliuliza ndagala zinavuliwa wakati gani?"

Nikatikisa kichwa.

"Simama, twende."

Tulifika ufukoni jua likizama nyuma ya milima. Ng'ambo, upande wa Burundi, mwezi mpevu ulikuwa unachomoza, mwekundu, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, na maji yote yakaanza kung'aa. Kando yetu mitumbwi ilikuwa imelala mchangani, taa zake baridi. Akanieleza taratibu: ndagala huvutwa kwa taa gizani. Mwezi ukijaa haziifuati taa, na wavuvi hukaa siku nyingi bila kutoka. Kitu kikubwa namna ile kilitawala vyungu vya Mulongwe yote, nami nilipanga malipo kana kwamba hakipo. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulimkuta Mama Nabintu mlangoni pake, hati ya kiwanja imefungwa ndani ya kitambaa. Akatuambia kwamba asubuhi angeiweka rehani kwa mkopeshaji mmoja wa Kavimvira, ambaye riba yake hula mtu mpaka mfupa, ili anilipe mimi.

Mama Mwajuma akanigeukia. "Ulimutukana mbele ya watu. Mbele ya watu utaomba radhi."

Majirani wakaitwa. Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Mama Nabintu akanishika mkono.

"Inuka, weye. Hata mutoto wa mpunga anaweza kujifunza ziwa."

Akaingia ndani kuirudisha hati chini ya godoro. Tukaandika upya mpango wa malipo: siku za giza alipe zaidi, siku za mbalamwezi apumzike. Alimaliza deni, na kiwanja kikabaki chake.

Basi, mwanangu, kabla hujamwambia mtu alipe lini, muulize anapata lini, na usiondoke mpaka umeelewa. Deni lake ni siri uliyokabidhiwa, usiitoe hadharani. Na ukikosea mbele za watu, tengeneza mbele za watu, hata kama ni kwa kupiga magoti. Mungu akupe subira ya kusikiliza, na kila nyumba utakayobisha hodi ifurahi kusikia sauti yako.