Kanga Niliyoiandikia Kina Mama Peke Yao

Mimi Hamisi, muuza vitambaa, nasimama mbele yenu nikiwa na titi moja. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa soko la vitambaa la Zhongda, Guangzhou, huko China, nikikumbatia marobota ya vitambaa kutwa nzima. Nesi mmoja wa Dar, dada Mwanaidi, akaniagiza kanga za kampeni ya saratani ya matiti. Alitaka ziandikwe: KILA MTU AJIPAPASE TITI.

"Dada, kanga ni ya kina mama," nikamwambia kwenye simu. "Mwanamume ana titi gani?"

"Analo, kaka Hamisi. Dogo tu."

Nilicheka mpaka laoban, bosi wa duka, naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nikabishana na nesi siku tatu, akachoka. Zikachapwa: MAMA, JIPAPASE TITI. Doti moja nikampelekea mke wangu Zuhura, nyingine mke wa mdogo wangu Idi.

Wakati huo nilikuwa na kivimbe chini ya chuchu, kama punje ya kunde. Nikasingizia marobota, nikapaka dawa ya kuchua. Chuchu ikazama ndani. Siku moja dukani laoban akanionyesha shati langu: damu. Akafunga duka, akanipeleka hospitali mwenyewe.

"Ni saratani," daktari akasema. "Umechelewa, lakini bado tunaweza."

Wakalikata titi. Zuhura alikuwa ameshafika kutoka nyumbani. Nilipozinduka natetemeka kwa baridi, akanifunika kanga yake, na maneno yangu yakalala juu ya kidonda changu. Nililia kwa aibu. Zikafuata dripu za dawa ya saratani: nywele zikaanguka, kucha zikawa nyeusi, hata maji ya wali nikawa nayatapika.

Daktari akataka ndugu zangu wapimwe. Nikampigia Idi.

"Kaka, na mimi nina kivimbe kwenye titi," akasema. "Kimeshatoboka. Ile kanga naiona kila siku hapa nyumbani. Nilijua maneno yale hayatuhusu wanaume."

Walimzika nikiwa bado kwenye dripu.

Namshukuru Mungu, na Zuhura, na yule laoban. Nesi hakunilaumu hata kidogo, na bora angenilaumu. Kina baba, ingizeni mkono ndani ya shati sasa hivi, msimwonee haya jirani. Ukikuta kitu, nenda hospitali kesho asubuhi.

Nimechapisha kanga mpya, zenye maneno ya nesi. Ya kwanza nilimpelekea mke wa Idi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Ndiyo hii niliyoishika.