Saini Niliyomwomba Mke Wangu

Siku niliyomtia mke wangu kizimbani naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Niliingia mahakamani hapa Kampala viatu vikimetameta, kana kwamba naenda kwenye gwaride. Upumbavu nao hujipamba.

Nilikuwa askari, kituo changu kaskazini. Kwetu kambini ilikuwa desturi: mume akiwa mbali, mke humsainia karatasi zake, wala hakuna aliyeona ubaya. Mke wangu Mariamu alipopata mtu wa kubadilishana naye kiwanja chetu kwa nyumba ya Ntinda, hapa Kampala, sheria ilitaka saini yangu. Nikamwambia kwa simu, "Wewe weka tu. Mimi nakubali." Akaweka, na mwenyekiti wa kijiji akashuhudia.

Miaka tisa nililala katika nyumba ile. Kisha nikaoa mke wa pili kwa siri. Mariamu alipojua akanifungia mlango. Hasira hasara, walisema wazee, lakini mimi nilikwenda polisi kudai kwamba ameghushi saini yangu. Nilitaka afungwe, mwanangu. Sikufichi.

Wakili wake hakupiga kelele. Alisema mashtaka yamechelewa mno. Mwenyekiti, shahidi pekee, amekwisha kufa. Mama huyu atatetewa na nani? Hakimu akanigeukia.

"Afande, miaka tisa yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa sebuleni, nakunywa chai ya Mariamu. Njia ya mwongo ni fupi. Nikainamisha kichwa, na mashtaka yakafutwa.

Nje nilimfuata Mariamu. "Mama Hawa, mimi nimekosa. Tuongee kidogo."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, taratibu. "Mimi nimechoka, Baba Hawa. Ile siku ya simu, kama ningekataa, ungesema sikupendi."

Akapanda boda, akaenda. Sijakanyaga tena nyumba ile, na Hawa binti yangu hunipigia simu Idi kwa Idi.

Nimezeeka, nimechoka hata kujitetea, basi shika hili. Wagombanao ndio wapatanao, lakini wakishapelekana polisi huwa vigumu kupatana. Ukikasirika na mwenzako, gombana naye kwa jambo lililokuudhi. Usifukue mlilokubaliana mkipendana ukaliita jinai. Na kosa likiwa lako, liseme mapema, angali anataka kukusikiliza. Mungu akupe mwenzi wa kuaminiana naye, mwanangu, na akukinge na hasira yako mwenyewe. Amina.