Nusu ya Kulia au ya Kushoto?

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huku kijijini Mpemba, nikisubiri zamu yangu, mtaalamu mmoja wa dawa alipokuja kutueleza matokeo ya utafiti wake na wenzake. Akasema kwa furaha kwamba dawa ya presha waliyoichunguza inapunguza hatari ya kiharusi, yaani kupooza, kwa nusu.

Mama wa makamo aliyekaa mbele yangu akanyoosha mkono. "Nusu ya kulia au ya kushoto, daktari?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akajishika bega la kushoto, akateremsha kiganja taratibu mpaka kwenye vidole. "Mume wangu huku kote kumekufa. Nauliza kama dawa itamlinda upande uliobaki."

Kicheko kikakatika. Mtaalamu akavua miwani, akaanza upya. "Mama, maana yake, tukichukua watu wengi..."

"Mimi sina watu wengi, baba. Ninaye huyo mmoja."

Mtaalamu akaja kukaa kando yake. "Akimeza kila siku, huenda kiharusi kisimrudie. Huenda. Siwezi kukuahidi."

"Kumbe hamjui," mama akasema, bila hasira.

"Kwa mtu mmoja, hatujui."

Mama akauliza dirisha la dawa liko wapi, akaenda.

Nimeandika habari za afya miaka mingi, na mpaka leo sijui: aliondoka ameelewa kuliko sisi tuliocheka, au alichoka tu kuuliza?